Vigae vya Sumaku: Mia Moja ni Ngapi?

Ubavuni mwa boksi kubwa la Magna-Tiles pameandikwa 100. Ndani mna miraba midogo 50, miraba mikubwa 4, pembetatu 20 zenye pande tatu sawa, pembetatu pacha 11 na pembetatu mraba 15. Boksi dogo la kampuni hiyo hiyo, la vipande 32, lina miraba midogo 14, mikubwa 2, na pembetatu 16 za aina hizo tatu. Namba ya nje ndiyo inayouza, lakini kinachojenga ni mraba. Ukuta ni mraba, sakafu ni mraba, dari ni mraba. Mzazi anayetaka kujua kama boksi litamtosha mwanawe aanze kwa kuligeuza na kutafuta orodha ya maumbo. Lisilo na orodha alirudishe rafuni.

Kwa ambaye hajawahi kuvishika, vigae hivi ni vipande bapa vya plastiki, mara nyingi ya rangi angavu, vyenye sumaku ndogo zilizofichwa kingoni. Mraba mdogo una ubavu wa sentimita 7.5 hivi. Katika aina nyingi sumaku zimeachiwa nafasi ya kuzunguka ndani ya vyumba vyake, ndiyo maana kingo mbili hazikataani: zikikaribiana, sumaku hujigeuza yenyewe na kuelekeza upande unaovuta. Magna-Tiles zinauzwa Marekani tangu 1997. Siku hizi wapo pia PicassoTiles, Connetix ya Australia, na Magformers, ambazo ni fremu zilizo wazi katikati. Halafu yapo maboksi yasiyo na jina la maana, ambayo mnunuzi wa Kariakoo au Eastleigh huyaona mara nyingi kuliko hayo yenye majina.

Hesabu yenyewe si ngumu, na inafaa kufanywa kabla ya kutoa pesa.

Nyumba ndogo kabisa, isiyo na sakafu, inahitaji miraba minne ya kuta na pembetatu nne za paa. Boksi la 32 lina miraba midogo 14 na pembetatu 8 zenye pande sawa. Kwa hiyo mtoto atajenga nyumba mbili zenye paa, na miraba sita itakayobaki itatosha banda moja la kuku lililofungwa pande zote, juu na chini. Hapo miraba midogo imekwisha. Kwa mtoto wa miaka mitatu huo ni mtaa mzima. Kwa wa miaka saba ni kazi ya dakika tano, kisha anauliza, "Vingine viko wapi?"

Sasa boksi la 100. Mnara mwembamba, wenye upana wa mraba mmoja, unakula miraba mitano kwa kila ghorofa: kuta nne na dari. Miraba 50 inatoa ghorofa kumi, yaani sentimita 75, ambazo zinamfikia kifuani mtoto wa miaka minne. Akitaka jengo nene, lenye upana wa miraba mitatu, urefu wa miraba mitatu na kimo cha miraba mitatu, kuta pekee zinachukua miraba 36. Paa bapa linaongeza 9. Jumla ni 45. Boksi zima la mia, ukiacha pembetatu na miraba mikubwa, limeishia kwenye jengo moja lenye ubavu wa sentimita 22 na nusu, na mkononi imebaki miraba mitano. Mdogo wake akija kudai zamu, ugomvi unaanza hapo.

Pembetatu nazo zina hesabu yake, na humo ndimo ulimo utamu ambao wazazi wengi huupita. Nane zenye pande sawa zinafunga umbo moja kamili, kama piramidi mbili zilizogeuziana migongo, na boksi la 32 lina nane kamili. Ishirini zinafunga mpira wa pande ishirini, umbo ambalo Wagiriki wa kale walilihesabu miongoni mwa maumbo matano tu yaliyo sawa pande zote, na boksi la 100 lina ishirini, si zaidi wala si pungufu. Ikipotea moja tu chini ya kabati, mpira haufungi. Mtoto wa miaka minane akijengewa mpira huo mara moja, akauona ukibomoka na kuachiwa auunde tena mwenyewe, atashughulika nao alasiri nzima. Huyo habanwi tena na idadi ya vipande.

Umri basi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, vigae bapa si vyake kabisa, hata kama kaka yake anavyo. Maboksi mengi ya vigae yameandikwa miaka mitatu na kuendelea, na maandishi hayo si pambo. Kwa wadogo zaidi kuna vitu vilivyotengenezwa kwa ajili yao: Tegu, matofali ya mbao yanayotengenezwa Honduras yenye sumaku zilizozikwa ndani ya mbao, na SmartMax kutoka Ubelgiji, yenye fito nene za sumaku na mipira mikubwa isiyoingia kinywani. Kwa umri huu, vipande vinane vya Tegu au 23 vya boksi la kuanzia la SmartMax vinatosha. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajengi. Anashika, anabandua, anasikia kile kishindo kidogo cha sumaku kuumana, anacheka, anarudia. Kumwagia vipande mia ni kumpa mama kazi ya kuokota.

Miaka mitatu hadi minne, vipande 30 hadi 40 ni kiasi kizuri. Wengi wa umri huu hawainui kuta bado. Wanapanga vigae sakafuni kama mkeka, rangi kwa rangi, au wanavibandika kwenye friji. Geti la chuma nalo linafaa, na ni ubao mkubwa usiogharimu kitu. Dirisha la alumini halishiki, na mtoto atakayegundua tofauti hiyo mwenyewe atakuwa amejifunza jambo ambalo darasani litamfikia miaka kadhaa baadaye. Kuta zitaanza kusimama taratibu, kwanza zikiegemezwa kwenye kochi.

Miaka mitano hadi saba ndipo boksi la 60 hadi 100 linapolipa. Hapa mtoto ameshaelewa kwamba ukuta mmoja peke yake unaanguka lakini kuta mbili zikikutana kwenye kona zinasimama, na hamu yake ya kujenga inapanda haraka kuliko akiba ya miraba. Kuanzia miaka minane, kuongeza vipande kwa kufuata namba tu ni kupoteza pesa. Aongezewe anachokosa: miraba mikubwa kwa ajili ya sakafu pana, kitako chenye magurudumu, au mabomba ya kuteremshia gololi. Wa umri huo anaweza hata kuhamia Geomag ya Uswisi, yenye fito na mipira midogo ya chuma, ikiwa hakuna mtoto mchanga nyumbani. Sharti hilo lisirukwe.

Sababu yake ni habari ya kweli, na kila anayenunua sumaku kwa ajili ya mtoto anapaswa kuijua. Mwaka 2005, katika jimbo la Washington, Marekani, mtoto wa miezi 20 alifariki baada ya kumeza sumaku ndogo zilizotoka kwenye kifaa cha kujengea kilichokuwa cha kaka yake. Kifaa hicho kiliitwa Magnetix. Sumaku moja ikimezwa inaweza kupita na kutoka. Mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti huvutana kutoka sehemu mbili za utumbo, zinabana ukuta wa utumbo katikati, na utumbo unatoboka au kujisokota. Machi 2006 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa seti takriban milioni 3.8, na Aprili 2007 tangazo hilo likapanuliwa. Gazeti la Chicago Tribune liliandika kwa kina jinsi serikali ilivyochelewa kuchukua hatua katika mambo kama hayo, na mwaka 2008 likapata tuzo ya Pulitzer. Kiwango cha Marekani cha vitu vya kuchezea, ASTM F963, kilikuwa tayari kimeongezewa masharti ya sumaku mwaka 2007.

Kutokana na hayo, swali la ukubwa lina sura ya pili: ukubwa wa kipande chenyewe. Wakaguzi hutumia kikombe kidogo chenye kipenyo cha milimita 31.7. Kitu kinachoingia chote humo kinahesabiwa kuwa kidogo kiasi cha kumezwa na mtoto, na sumaku ya kiasi hicho hairuhusiwi kuwa na nguvu inayozidi kipimo kilichowekwa. Kigae cha sentimita 7.5 hakiingii. Sumaku iliyotoka kwenye kigae kilichopasuka inaingia bila shida. Kwa hiyo kigae kikubwa na imara ni salama, na kigae hicho hicho kikipata ufa ni cha kutupwa siku ile ile, pasipo kujaribu gundi. Plastiki angavu inasaidia hapa: inyanyue kwenye mwanga na ufa utaonekana. Yapo pia matoleo madogo, yenye vigae visivyofika nusu ya ukubwa wa kawaida. Bei yake inavutia na boksi linabebeka, lakini hayo ni ya wakubwa wanaopenda kujenga mezani. Mtoto wa miaka mitatu hayamfai.

Sauti ya kachakacha kigae kinapotikiswa isimtishe mtu, maana mara nyingi ni sumaku zikizunguka vyumbani mwake. Kinachotisha ni mshono wa plastiki unaofunguka ukibanwa kwa kucha. Kwenye vigae vya bei ya juu pembe huwa zimegongewa ribiti za chuma juu ya mshono. Kwenye vingine vya bei ya chini mshono huwa peke yake. Kama duka lina kigae cha maonyesho, omba ukishike ukibane. Muuzaji anayekataa hilo amekuokolea muda. Na ikitokea mtoto akadhaniwa amemeza sumaku, hata akiwa mchangamfu, safari ni ya hospitali saa ile ile, kupigwa eksirei. Kusubiri ionekane chooni ni kucheza na uhai wake.

Alama za boksi zisomwe, ila zisiabudiwe. EN 71 ni kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, na ASTM F963 ni cha Marekani. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Kenya, bidhaa ya kutoka nje hutakiwa kuwa na stika ya shirika la viwango, KEBS, na Tanzania mwenye dhamana ya viwango ni TBS. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji, umri wala kiwango chochote halina wa kumuuliza likileta balaa.

Turudi kwenye namba, kwa sababu ujanja mwingi umejificha humo. Baadhi ya maboksi huhesabu kila kinachoshikika: stika za herufi, kadi za wanyama, uzio wa bustani, watu wadogo wa plastiki, hata kijitabu cha michoro. Boksi la "vipande 120" la namna hiyo linaweza kuwa na vigae vya sumaku pungufu ya nusu. Dawa yake ni kugawanya. Tuseme boksi moja linauzwa shilingi 60,000 na lina miraba 24, na jingine linauzwa 80,000 na lina miraba 40. La kwanza linaonekana rahisi, lakini kila mraba unakugharimu 2,500. Kwenye la pili ni 2,000. Kitako cha gari, chenye magurudumu, nakihesabu nje ya kanuni hii: kimoja kwenye seti kina thamani ya miraba kumi, maana nyumba ikishapata magurudumu inakuwa daladala, na daladala ina kondakta, abiria, kituo na kelele za kwake.

Je, kununua kubwa mara moja au dogo kisha jingine? Boksi kubwa kwa kawaida lina bei nafuu kwa kipande. Hata hivyo, kwa mtoto wa kwanza mwenye miaka mitatu, ushauri wa ukurasa huu ni kuanza na la 32 au 40, na mwaka unaofuata kununua boksi lile lile, la kampuni ile ile. Maboksi mawili ya 32 yanaleta miraba midogo 28, mikubwa minne na pembetatu nane mara mbili, na kwa mwaka huo mmoja familia imeshaona kama mtoto anavipenda au anavitumia kama sahani za kumlishia mdoli. Penye watoto wawili waliofuatana, ruka hatua hiyo. Nunua la mia moja kwa moja. Hesabu rahisi ya nyumba yenye watoto wengi ni miraba midogo isiyopungua 20 kwa kila mjenzi. Chini ya hapo, mmoja atakuwa fundi na wengine saidia fundi, na kazi ya saidia fundi haina wapenzi.

Kuchanganya kampuni kunawezekana, kwa kuwa vigae vingi vina ukubwa unaokaribiana na sumaku hazichagui ukoo. Shida huja juu. Tofauti ya milimita moja kwenye ubavu wa kigae haionekani mezani, lakini ghorofa kumi zenye ukuta mmoja wa kampuni hii na mwingine wa ile zinaachana kwa sentimita nzima, na mnara unalala. Nguvu za sumaku nazo hutofautiana, na jengo hufumuka pale zilipo dhaifu. Ikibidi kuchanganya, miraba yote itoke kampuni moja, na hizo nyingine ziachiwe pembetatu za paa. Fremu zilizo wazi za Magformers na vigae vilivyojaa ni familia mbili, kila moja na hesabu yake, ingawa zinashikana.

Nafasi ya kuchezea huamua pia. Vigae vilivyopangwa bapa vinataka sakafu ngumu na tambarare: vigae vya sakafuni, saruji laini, au mkeka uliotandikwa vizuri. Kwenye zulia nene mnara hauvuki ghorofa ya nne bila kuinama. Chumba cha kupanga chenye kitanda, kochi na jiko la gesi hakina pa kuweka jengo la seti ya mia kwa siku mbili, na jengo linalobomolewa kila jioni kupisha godoro halihitaji vipande mia. Kuhifadhi, kwa upande mwingine, si tatizo. Vigae vinajishika vyenyewe vikipangwa juu kwa juu: miraba 50 ni nguzo moja ya sentimita 30 hivi, na seti nzima ya mia inalala ndani ya ndoo ya lita kumi na nafasi ikabaki.

Na isitoke nje kwenye mchanga. Mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kung'oa sumaku kwenye spika mbovu na kuikokota mchangani anajua inavyorudi na ndevu za unga mweusi. Hizo ni punje za madini yenye chuma, na kingo za vigae zinazikusanya vivyo hivyo. Punje hizo hukwaruza plastiki na kuacha pengo dogo kati ya kingo mbili, na nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri pengo linavyokua. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinazitoa. Kuvitumbukiza vigae kwenye beseni la maji hakufai, kwa sababu maji yanaweza kupenya kwenye mshono na kubaki ndani pamoja na sumaku.

Kwa familia nyingi za Unguja, Tanga au Mombasa, boksi halitoki dukani mjini bali kwenye sanduku la ndugu anayekuja kutoka Muscat au Dubai. Hapo maneno machache yaliyopangwa vizuri yana kazi kubwa kuliko picha ya tangazo. Ujumbe wa simu unaweza kuwa hivi:

"Assalaam aleikum shangazi, shikamoo. Vile vigae vya sumaku vya Salim, tafadhali usiangalie namba ya mbele. Nyuma ya boksi pawe pameandikwa miraba midogo 30 au zaidi, kila mmoja sentimita saba na nusu. Umri uwe miaka mitatu na kuendelea. Viwe vya kupitisha mwanga. Vidogo vya mezani usichukue, yupo Maryam anatambaa."

Shangazi akilalamikia uzito na nafasi, boksi la kadibodi liachwe huko huko, kwani sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Vigae vifungwe kwa mafungu kwenye mifuko ya plastiki, katikati ya nguo, na kabla ya boksi kutupwa lipigwe picha mbili: upande wenye orodha ya maumbo, na upande wenye jina la mtengenezaji, umri na alama za viwango. Vikifika, vihesabiwe kwa kufuata picha hiyo mbele ya Salim, kabla hajavimwaga.